Ratili ya Kocha Hofbauer

Ukuta wa korido inayoelekea kantini ya Shule ya Sekondari ya Brodell umejaa picha za vijana waliovaa singleti nyekundu, vazi la mieleka la kubana mwili, wamekunja mikono na kukunja sura, masikio yamevimba kwa kusuguliwa mkekani. Hao ndio mabingwa wa mieleka wa jimbo la Iowa waliopitia kwa Kocha Lyle Hofbauer. Chini ya kila picha pameandikwa jina, mwaka na uzito. Picha ya mwalimu wa hesabu haipo, wala ya kijana aliyekwenda kusomea udaktari, maana hao hawakumlaza mtu chali.

Ardis, mke wa kocha, alikuwa amepita chini ya picha hizo miaka yote ya ndoa yake, mikononi kabeba makapu ya singleti alizozifua yeye mwenyewe. Mumewe alisahau siku yake ya kuzaliwa kila mwaka bila kukosa. Lakini akikutana dukani na mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu, Lyle alinyoosha kidole na kusema, "Mia na kumi na tisa!" na yule mtu, aliyewahi kuwa na uzito huo akiwa na miaka kumi na sita, alichanua meno kama aliyepewa cheo. Ndivyo wanavyopendana watu wa mieleka, na wao huona huo ni upendo kweli.

Ukitaka kusema haki, Brodell hata wangemfanya mbuzi kuwa kocha, mbuzi huyo angekuwa na mabingwa wake. Pale kila baba mwenye ghala la mahindi ametandika mkeka wa mieleka ndani, na watoto hukabana kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Wakifika sekondari wameshaiva. Kazi ya kocha ni kupuliza filimbi na kutowazibia mlango. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Lyle Hofbauer alisifiwa kwa miaka thelathini na moja, kanisani, kwa kinyozi na kwenye kituo cha mafuta, mpaka akaamini kwamba hata mahindi ya Brodell huota kwa nidhamu yake.

Januari ya mwaka wake wa mwisho kazini, chama cha makocha kilimwita akatoe mhadhara hotelini kwenye semina yao. Mada ilikuwa nini humfanya kocha wa mieleka wa sekondari afanikiwe. Ardis alikwenda naye kwa sababu Lyle hakujua kuendesha kompyuta. Alikaa pembeni ya meza na kubonyeza kitufe kila mumewe alipotaka picha ibadilike ukutani.

Picha ya kwanza ilisema nidhamu. Ya pili ilisema imani. Ya tatu ilisema, wapende vijana wako kama watoto wako wa kuwazaa, na makocha mia mbili wenye shingo nene wakaandika maneno hayo kana kwamba hayajawahi kusemwa duniani. Ardis alisubiri ya nne. Lyle akamwashiria angoje kwanza, akaegemea meza na kushusha sauti.

"Sasa hii ya mwisho msiwaambie wazazi," alisema. "Mizani yangu haijawahi kusema kweli. Kila Novemba mkaguzi akishaipiga muhuri akaondoka, mimi naingia na bisibisi. Naizungusha kidogo, inazidisha ratili moja. Kijana anapanda, anaona amezidi, kumbe yuko sawa. Anakwenda kukimbia korido kavaa mfuko wa taka atoke jasho, anatema mate kwenye kopo, anashinda njaa. Siku ya siku anapanda mizani ya haki, ana ratili nzima ya akiba. Miaka thelathini na moja, jamani, sijawahi kuwa na kijana aliyezidi uzito."

"Hata mmoja?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Mmoja tu," Lyle akasema. "Na huyo alikula."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walimjua huyo mmoja. Alikuwa Darrin, mtoto wa Lyle na Ardis.

Kisa chenyewe kila mpenda mieleka wa Iowa anakijua, au anadhani anakijua. Mwaka 2001 Darrin alikuwa darasa moja kabla ya kumaliza, akishindana daraja la ratili mia na thelathini, na msimu ule wote hakuna aliyemshinda. Asubuhi ya mashindano ya jimbo, basi la Brodell lilikwama kwenye theluji, wakafika Des Moines foleni ya kupima uzito inakaribia kufungwa. Darrin akapanda mizani. Akavua chupi, akapanda tena. Alikuwa amezidi nusu ratili, na sheria ya mchezo haina huruma ya nusu; akaondolewa mashindanoni. Lyle akatoka nje, akamkuta mwandishi wa gazeti, akamwambia, "Kijana kala mkate wa mdalasini. Niseme nini tena?"

Shule za kule huwalisha watoto supu nzito ya nyama na maharage pamoja na mkate mtamu wa mdalasini, na ukiwauliza vinahusianaje wanakuona wewe ndiye mwenye wazimu. Tangu siku ile Darrin akaitwa Mdalasini. Wenzake walimwita hivyo, na wazazi wa wenzake, na mzee wa kanisa akimpa mkono wa amani. Mwaka uliofuata hakugusa mkeka. Alipomaliza shule alihamia Sioux City kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, na kwa karibu miaka kumi na saba hakuketi tena kwenye meza ya baba yake. Mama yake alikutana naye kwenye maegesho ya magari na misibani.

Ardis naye aliamini ule mkate. Alimhurumia mwanawe, lakini aliamini. Majira ya baridi yale yote alikuwa akila chakula chake amesimama kwenye banda la gari, karibu na friza, ili harufu isimfikie kijana ndani, na alidhani huko ndiko kuwa mama. Halafu mtoto mwenyewe akashindwa na mkate. Alikuwa amelimeza hilo hivyohivyo. Sasa, kidole juu ya kitufe, mahesabu yakajipanga yenyewe kichwani mwake: kama kila kijana alikuwa na ratili nzima ya akiba, mkate mmoja ulimzidishaje Darrin? Akabonyeza mara mbili na kuwarusha makocha mia mbili mpaka kwenye picha ya asanteni kwa kunisikiliza.

Alisubiri mpaka wako barabarani, Lyle akiendesha huku bado anatabasamu peke yake.

"Lyle, Darrin alijua habari ya bisibisi?"

Tabasamu likaondoka. "Alikuwa mwanangu. Nilimwambia. Ningemwachaje mwanangu ajitese bure?"

"Wengine uliwaacha."

"Wengine hawakuwa wanangu."

"Kwenye picha ya tatu umesema unawapenda kama uliowazaa."

"Ardis, ule ulikuwa mhadhara."

Kisha Ardis akauliza lile alilokuwa anaogopa kuuliza. "Na asubuhi ile ya Des Moines?"

Lyle aliwasha vipangusa kioo, japo theluji haikuwa ikianguka. Kocha huyu aliyekuwa akiwafokea waamuzi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka sasa alizungumza kama mtoto aliyevunja sahani. "Mizani ya shule ilisoma mia na thelathini na kidogo. Kijana alikuwa mweupe, hana nguvu. Nikamwambia usihofu, una ratili yako ya akiba, kula huo mkate."

"Wewe ndiye uliyemwambia ale."

"Wiki iliyotangulia tulikuwa wenyeji wa mashindano ya kanda. Mkaguzi alikuja akairudisha sawa. Nilikusudia kuizungusha tena Jumatatu."

"Ukasahau."

"Tulikuwa tumechukua ubingwa wa kanda, Ardis. Simu zilikuwa haziishi."

"Ukakumbuka lini?"

"Palepale kwenye foleni," Lyle akasema.

Kwa hiyo vijana wote waliodanganywa walipita salama siku ile, na aliyeambiwa siri ndiye aliyeumia. Na kabla mwandishi wa gazeti hajafungua kalamu, baba mtu alikuwa ameshajua kosa ni la nani. Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Hawakuwahi kumwona kocha mwenye mafanikio. Ardis alitazama nje ya dirisha, akahisi anamdharau mtu huyu kwa namna ambayo hakujua bado ana nguvu nayo, umri wake ule.

"Utasema," alimwambia. "Machi, kwenye karamu yako ya kuagwa. Ulimwaibisha mbele za watu, utamsafisha mbele za watu. Nikimleta Darrin, utasema?"

"Nitasema."

"Utasema nini?"

"Ukweli. Nitasema ukweli, basi, yaishe."

Kumpata Darrin ndiyo kulikuwa kazi. Ardis alipompigia simu, kijana, ambaye sasa alikuwa na mvi mbili tatu, alitaka kukata mara tu aliposikia neno karamu.

"Mama, niache na mambo hayo."

"Baba yako atasema habari ya mizani."

"Nani kakwambia habari ya mizani?" Darrin akauliza.

"Kwa hiyo ulijua. Miaka yote hii ulijua, ukaniacha niamini umekula kwa tamaa?"

"Ningekwambia wewe, ungekwenda kumpasua kichwa, na kesho yake timu nzima ingejua anawaibia ratili. Walikuwa wanampenda. Alikuwa kocha, Mama."

"Alikuwa baba yako."

"Nilingoja aseme mwenyewe. Siku ya kwanza nikasema labda kesho. Halafu nikaacha kungoja." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Nitakuja. Akisema, usiku huohuo nitakuja nyumbani, nitakaa mezani, utanipikia nitakula. Asiposema, nyumba ile usinitajie tena mpaka nife."

"Atasema," Ardis akaapa. Akaweka simu chini, akaenda kutoa nyama kwenye friza, wiki tatu kabla ya siku yenyewe.

Karamu ilifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Meza ndefu zilitandikwa karatasi nyekundu, na chakula kilikuwa kilekile cha daima, supu nzito na mikate ya mdalasini, trei kwa trei. Mabingwa wa zamani walijaa, wanaume wazima wenye masikio yaliyoharibika, wakisalimiana kwa kukabana shingo kwa sababu hawakufundishwa salamu nyingine. Mshereheshaji alikuwa Skip Nieland, muuza mbegu za mahindi, bingwa wa mwaka 1990, mtu ambaye tangu mwaka huo hajatokewa na jambo lolote.

"Mdalasini!" Skip alimpokea Darrin mlangoni, akamgonga tumboni. "Umefura, bwana. Kumbe hukuishia ule mmoja."

"Habari, Skip."

"Nimekutengea kiti. Usije ukasema hatukukujali."

Kwenye nafasi ya Darrin, pembeni ya mama yake, walikuwa wamempangia mnara wa mikate ya mdalasini. Meza tatu zilikuwa zinachungulia zione atafanya nini. Darrin alitabasamu, akausogeza ule mnara pembeni kwa mikono miwili taratibu, akaketi. Hakugusa chakula chochote. Ardis alimwona mumewe kule meza kuu anaangalia na kucheka pamoja na wengine, akasema moyoni, cheka tu, zamu yako inakuja.

Baada ya hotuba za kutosha kumchosha maiti, Skip akatoa zawadi. Vijana wawili wakasukuma kitu kilichofunikwa shuka, shuka ikavutwa, na watu wakashangilia. Ilikuwa mizani ya zamani ya chumba cha mazoezi, imepakwa rangi nyekundu, imebandikwa kibao cha shaba chenye jina la kocha. Ardis aliposhika mkono wa mwanawe chini ya meza, alifikiri kwamba Mungu mwenyewe amemletea Lyle neno mpaka mdomoni, kazi iliyobaki ni kufungua tu.

Lyle alisimama. Aliweka kiganja juu ya mizani na kukiacha hapo. Alianza na nidhamu, akaja imani, akapita kwenye upendo, yaleyale ya hotelini. Kisha akainamisha kichwa.

"Watu huniuliza," alisema, "Kocha, una jambo unalojutia? Ndiyo. Lipo moja. Nilikuwa kocha mno, nikasahau kuwa baba." Sauti ikamkwama. Ardis hakujua kama ilikwama kweli au ilikwamishwa, na kwa mtu huyu pengine hapakuwa na tofauti. "Mwanangu Darrin yuko hapa. Simama, mwanangu."

Darrin akasimama.

"Mwaka 2001, pale Des Moines, alifanya kosa. Kosa la kitoto. Na mimi, kwa kuupenda mchezo huu kupita kiasi, niliona uchungu. Nilimbebea kinyongo moyoni miaka kumi na minane. Ninyi ni mashahidi." Akainua uso, machozi yanang'aa. "Mwanangu, leo, mbele ya watu hawa wote, nimekusamehe."

Walisimama wote. Viti viligonga sakafu, makofi yakatikisa paa, wanawake wakatafuta leso. Skip Nieland alijifuta macho kwa karatasi ya mezani, akaacha mchuzi kwenye paji la uso. Watu waliomwita mtoto wa mwenzao Mdalasini tangu akiwa na miaka kumi na saba walikuwa wanalia kwa jinsi mioyo yao ilivyokuwa mizuri. Ardis aliwatazama mmoja mmoja, akatamani angekuwa na maji ya kuwamwagia.

Darrin alitembea mpaka meza kuu, na Lyle akafungua mikono kumkumbatia. Kuna desturi kwenye mieleka ya kule, kila mtoto hufundishwa tangu akiwa mdogo. Pambano likiisha unakwenda kona ya pili kumpa mkono kocha wa mpinzani wako, mara moja, bila kusimama, hata kama umepigwa. Darrin alimpa baba yake mkono wa namna hiyo. Aliugusa, akainamisha kichwa kidogo, akageuka na kwenda zake moja kwa moja mpaka mlangoni, akatoka.

Ukumbi uliona adabu njema, ukazidisha makofi. Lyle peke yake alibaki na mikono iliyofunguka, na Ardis akaona kwamba ameelewa kona ipi amewekwa. Ilichukua muda mfupi tu. Kisha mtu huyo akaikunja ile mikono kifuani, juu ya moyo, kana kwamba hivyo ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

"Na sasa Mama Kocha," Skip akasema kwenye kipaza sauti, akimletea Ardis shada la maua. "Mwanamke nyuma ya mwanamume. Neno moja, Mama."

Kila mwaka alipewa maua, na kila mwaka alisema asanteni, kuleni mshibe. Alichukua maua. Alichukua na kipaza sauti.

"Darrin hakula mkate kwa tamaa," alisema. "Baba yake ndiye aliyemwambia ale. Mizani hii mnayoiona hapa, Lyle alikuwa anaichezea kwa bisibisi kila mwaka ili iwazidishie ratili moja. Alimwambia Darrin peke yake. Wiki ile ya Des Moines mkaguzi alikuwa ameirekebisha, na Lyle akasahau kuizungusha tena. Alijua palepale kwenye foleni. Akanyamaza akawaacha mumwite mwanangu jina mlilomwita. Na leo amemsamehe."

Ardis aliangalia nyuso zile pana akingoja aibu iingie. Aliona midomo inachezacheza. Walikuwa wanafanya hesabu.

"Subiri kwanza," Skip Nieland alisema, kidole hewani. "Ina maana mimi mwaka ule nilikuwa mia na kumi na nane?"

"Na mimi mia na hamsini na moja," mwingine akasema kutoka meza ya nyuma. "Nilitema mate kopo zima siku ile."

"Mimi nililala bafuni nimevaa makoti mawili!"

"Mzee, wewe ni shetani!" Skip akapiga kelele, na uso wake ulikuwa umejaa mapenzi. "Kumbe ndiyo sababu tulikuwa hatuzidi uzito! Mwajua, siku zote nilihisi niko mwepesi!"

Kicheko kikalipuka. Wakaanza kupiga meza kwa viganja, wakisema ratili, ratili, ratili. Mmoja akaenda kupanda ile mizani nyekundu huku kakumbatia trei ya mikate. Na Lyle akainua mikono nusu, kama mtu aliyefumaniwa akitoa sadaka kwa siri, akatikisa kichwa, akatabasamu kwa unyenyekevu. Wakasimama tena kumpigia makofi. Kiti cha Darrin kilikuwa kitupu na hakuna aliyekitazama. Hili ndilo linalomfanya kocha afanikiwe, na Lyle hakuliweka kwenye picha hata moja ya mhadhara wake: kuwa na watu ambao ukiwanyima chakula watakushukuru, na ukimtupa mwanao watakuuliza wao walikuwa na uzito gani.

Lyle alimkaribia mkewe, akamwinamia sikioni. Alikuwa na furaha ya kweli, hata hasira hakuwa nayo.

"Umeona?" alisema. "Hawana kinyongo."

"Nimeona," Ardis akasema.

Aliyaweka maua juu ya mizani. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Unakwenda wapi? Hawajakata keki."

"Kwa mwanangu."

"Atarudi mwenyewe, mwache apoe. Ardis. Watu wanatuangalia."

"Wakuangalie wewe," Ardis alisema. "Ndicho ulichotaka."

Nje, baridi ya Machi ilikuwa bado na meno. Darrin alikuwa kwenye maegesho, injini ya pikapu yake inanguruma, anakwangua barafu kwenye kioo cha mbele. Alifanya hivyo polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Alipomwona mama yake hakuacha kukwangua.

"Nimewaambia," Ardis akasema. "Yote. Kwenye kipaza sauti."

"Wakasemaje?"

"Wamempigia makofi."

Mkono wa Darrin ukasimama. Alimtazama mama yake ahakikishe kama amesikia sawa, na kutoka ukumbini, kama ushahidi, ikaja sauti ya ratili, ratili. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari, na machozi yakamtoka, na Ardis hakujua ni lini kicheko kiligeuka kilio, ila alimshika kichwa akambana begani kwake mpaka kikapita.

"Basi ndiyo hivyo, Mama," Darrin alisema mwishowe, akijipangusa kwa glovu. "Nilikwambia akisema nitakuja kula. Hajasema."

"Najua. Wala sikuombi uje." Ardis alizunguka upande wa pili wa pikapu, akafungua mlango. "Kwako kuna meza?"

"Ipo. Ya kukunja."

"Na chakula?"

"Mayai. Mkate wa juzi."

"Nimekula vibaya zaidi ya hapo nyumbani kwangu." Akapanda, akafunga mkanda. Darrin naye akaingia, akakaa na mikono kwenye usukani bila kuondoka, akitazama madirisha ya ukumbi yenye mwanga.

"Na yeye je? Kesho akiamka, akakuta jiko halina mtu, atakuja kubisha kwangu. Nimfanyeje?"

Ardis hakuhitaji kufikiri. "Mwache asimame mlangoni aseme. Akisema lote, mkaribishe, mpe yai. Akianza kukusamehe, mfungie."

Darrin akaingiza gia, wakaondoka.